Mtunzi na Mfadhili: Uhakiki wa Kuinuka na Kuanguka kwa World Championship Wrestling

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuona humu makala juu ya mieleka ya kulipwa. Amezoea kukuta hapa uchambuzi wa tenzi, maelezo ya lahaja na mabishano juu ya istilahi, naye ana haki ya kuuliza: watu wanaobwagana katika ulingo wa kamba wana uhusiano gani na kazi yetu? Jibu langu ni fupi. Mieleka ya namna hii si shindano, bali ni masimulizi. Mshindi hujulikana kabla pambano halijaanza. Kinachotungwa ni njia ya kuufikia ushindi huo, sababu yake, na maneno yanayoutangulia na kuufuata. Penye mtunzi, hadithi na hadhira, mhakiki hana haja ya kuomba radhi.

Roland Barthes aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1957 alifungua kitabu chake Mythologies kwa makala juu ya mieleka ya kumbi za Paris, akashikilia kwamba watazamaji hawajali kama pambano ni la kweli au la kupangwa. Wanachotaka ni kuona maumivu, kushindwa na haki vikidhihirishwa mbele ya macho yao. Hoja hiyo ni njema, walakini ina pengo. Barthes alitazama pambano moja moja, kila moja likiwa kamili lenyewe. Mieleka ya televisheni ya Marekani ni hadithi isiyokoma, ya kila juma, mwaka hadi mwaka; na hadithi ya namna hiyo yahitaji vitu viwili ambavyo Barthes hakuvigusa: kichwa cha kuitunga, na mfuko wa kuilisha. Makala haya yachunguza uhusiano wa vitu hivyo viwili katika kampuni moja, World Championship Wrestling ya Atlanta, ambayo mwaka 1997 ilikuwa ikimshinda kila mpinzani wake katika televisheni, na mwaka 2001 ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Wanaoeleza kifo cha kampuni hiyo wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kwamba iliuawa na watunzi wabaya. Kundi la pili lasema kwamba iliuawa na wakuu wa televisheni walioichukia mieleka, wakaifukuza katika vituo vyao. Dai langu ni kwamba kila kundi limeshika nusu ya jambo, na kwamba nusu hizo mbili zina mzizi mmoja. Mfadhili alipokuwa mkarimu aliwaondolea watunzi wake hukumu ya hadhira. Watunzi wakazoea kutunga pasipo kuogopa matokeo. Na siku mfadhili alipobadilika, kazi ilikuwa imekwisha kupoteza sifa ambazo zingeweza kuitetea.

Yafaa tuanze na asili yake. Kabla ya mwaka 1988 kampuni hii ilikuwa mali ya ukoo wa Crockett, wenyeji wa Charlotte, North Carolina. Mtunzi wake mkuu katika miaka ya mwisho alikuwa Dusty Rhodes, ambaye pia alikuwa mpiganaji. Rhodes alikuwa msemaji hodari, lakini alikuwa na mazoea moja mabaya: alipenda kumwacha shujaa ashinde, watu washangilie, kisha uamuzi utenguliwe kwa sababu ya kanuni fulani na mkanda urudishwe kwa mwovu. Hila hiyo ikitumika mara moja huongeza hamu. Ikitumika mara kwa mara humfundisha mtazamaji kwamba ushindi anaoulipia si ushindi. Kampuni nayo ilikuwa imejitanua kupita uwezo wake, ikanunua na kampuni nyingine mwaka 1987, na mwezi wa Novemba 1988 ikauzwa kwa shirika la televisheni la Ted Turner. Hapa hukumu ya hadhira ilikuwa bado inafanya kazi. Watu walipopungua, fedha zilipungua. Fedha zilipopungua, mwenye mali aliuza.

Turner hakununua kwa sababu ya hesabu tu. Kituo chake cha Atlanta kilikuwa kimeonyesha mieleka tangu miaka ya 1970, kilipokuwa kidogo na maskini, na mieleka ilikuwa miongoni mwa vipindi vilivyokikuza. Alikuwa mfadhili wa aina ya zamani, ambaye huitunza kazi kwa sababu ana mapenzi nayo. Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili hatuwezi kumdharau mfadhili wa namna hiyo. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ulitokana na ombi la mtawala. Lakini mtawala wa Pate aliijua lugha ya utenzi na aliishi miongoni mwa watu walioweza kuuhukumu. Turner alilipa gharama, bali mambo ya ulingoni aliwaachia watumishi wake, na juu ya watumishi hao walikuwapo wakuu wengine ambao wala hawakuipenda kazi yenyewe wala hawakuielewa.

Matokeo yalionekana upesi. Uongozi ulipewa kwanza Jim Herd, mtu aliyewahi kusimamia kituo cha televisheni cha St. Louis na kufanya kazi katika kampuni ya Pizza Hut. Ric Flair, aliyekuwa bingwa na nguzo ya kampuni, amesimulia kwamba Herd alitaka akate nywele zake na kubadili jina. Flair aliondoka mwaka 1991, akaenda kwa mpinzani pamoja na mkanda wa ubingwa. Baada ya Herd alikuja Kip Frey kwa miezi michache, kisha mwaka 1992 akaja Bill Watts, aliyepiga marufuku kuruka kutoka juu ya kamba, jambo ambalo vijana walilipenda kuliko mengine yote. Kila kiongozi aliifuta hadithi ya mtangulizi wake akaanza upya. Hasara iliendelea. Kampuni ya kawaida ingalifungwa; hii haikufungwa kwa kuwa Turner alilipa. Jambo hilo lilikuwa neema, lakini lilikuwa pia somo baya, maana watumishi walijifunza kwamba utungaji mbovu hauna adhabu ila kubadilishwa kwa mtu mmoja.

Eric Bischoff, aliyekuwa mtangazaji tu, alipandishwa mwaka 1993 na mwaka uliofuata akawa mkuu. Hapa ndipo twapaswa kuwa waadilifu, maana wahakiki wengi humcheka. Katika miaka yake ya mwanzo ufadhili na utunzi vilifaana kwa namna isiyopata kuonekana. Kwa fedha za Turner alimwajiri Hulk Hogan mwaka 1994. Kwa nafasi aliyopewa na Turner katika kituo cha TNT alianzisha kipindi cha Nitro tarehe 4 Septemba 1995, usiku wa Jumatatu, saa ile ile ya kipindi cha Raw cha mpinzani wake, World Wrestling Federation ya Vince McMahon. Nitro kilirushwa moja kwa moja, na Raw aghalabu kilikuwa kimerekodiwa siku zilizopita. Bischoff hakuona haya kuwatangazia watazamaji matokeo ya kipindi cha mwenzake ili wasihangaike kubadili kituo.

Mwaka 1996 ikaja hadithi iliyompa ushindi. Scott Hall, na baada yake Kevin Nash, wote wawili waliojulikana sana katika kampuni ya McMahon, walitokea katika Nitro bila kutangazwa, wakazungumza kama wavamizi. Tarehe 7 Julai 1996, Daytona Beach, mtu wa tatu wa kundi lao alijulikana: alikuwa Hogan, ambaye tangu mwaka 1984 alikuwa kipenzi cha watoto wa Marekani, yaani yule ambaye vijana wetu wangemwita stelingi. Siku ile akageuka adui. Ubora wa tukio hili haukuwa katika mshangao. Mtunzi alitumia kumbukumbu ya watazamaji ya miaka 12 akaipindua kwa tendo moja, na kila mtu aliyekuwa na kumbukumbu hiyo alijiona ametendewa yeye. Nitro kikaishinda Raw majuma 83 mfululizo, hata mwezi wa Aprili 1998.

Lakini hadithi yataka mwisho, na mwisho ndio ulioishinda kampuni hii. Kundi la watu watatu likawa la watu wengi kupita kiasi. Sting, shujaa aliyebaki mwaminifu, alinyamaza zaidi ya mwaka mzima, akawa atazama kutoka darini akiwa amejipaka uso rangi nyeupe na nyeusi. Kwa kweli huo ulikuwa utunzi mzuri: ukimya uliokuwa ukijaa maana juma baada ya juma. Pambano lake na Hogan lilipofika, mwezi wa Desemba 1997, watu walitaka jambo moja tu, yaani haki itendeke waziwazi. Badala yake walipewa mzozo juu ya mwamuzi na hesabu yake. Hesabu iliyokusudiwa ionekane ya haraka na ya dhuluma ilionekana ya kawaida, ikawa kana kwamba shujaa ameshindwa kwa haki kisha akabebwa. Majuma machache baadaye mkanda ukatangazwa kuwa hauna mwenyewe. Hila ya Dusty Rhodes ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na gharama kubwa zaidi.

Kwa nini mtunzi aharibu tamati aliyoitayarisha mwaka mzima? Sehemu moja ya jibu iko katika mikataba. Mkataba wa Hogan ulimpa haki ya kuidhinisha matokeo ya mapambano yake mwenyewe, kama ilivyokuja kuonekana katika kesi aliyoifungua baadaye. Na tufikiri maana yake kifasihi: mhusika amepewa mamlaka juu ya mwisho wa hadithi. Mwenye kampuni ndogo, ambaye mkate wake watoka kwa wanunuzi wa tiketi, angesita kutoa haki kama hiyo. Mwenye mfuko wa mtu mwingine alitoa. Sehemu ya pili ya jibu iko katika wingi. Mwezi wa Januari 1998 Nitro kiliongezwa kikawa cha saa tatu, na mwezi huo huo kituo cha TBS kikapewa kipindi kingine, Thunder, cha saa mbili. Mfadhili aliona kitu kinachouzika akadai zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba hadithi haizidi utamu kwa kuzidishwa urefu.

Mwaka ule kampuni ilipata bahati ya pili. Bill Goldberg, kijana wa maneno machache, alishinda mfululizo hata tarehe 6 Julai 1998 akamshinda Hogan katika uwanja wa Georgia Dome, Atlanta, mbele ya watu wapatao 40,000. Mfululizo huo ukakatwa mwezi wa Desemba na Nash, kwa msaada wa Hall aliyekuwa na chombo cha kupigia shoti ya umeme. Yangalikuwa mambo ya kusameheka kama kisasi kingefuata. Lakini tarehe 4 Januari 1999, katika uwanja ule ule, pambano la marudiano lililotangazwa halikufanyika. Hogan alimgusa Nash kifuani kwa kidole, Nash akajilaza chini, mkanda ukahama. Usiku huo huo mtangazaji wa Nitro aliagizwa aseme kwa dhihaka kwamba katika Raw, Mick Foley atatwaa ubingwa. Mamia ya maelfu ya watazamaji waligeuza kituo wakamwone Foley.

Inafaa tusimame hapa. Foley aliwahi kuwa mtu wa kampuni ya Atlanta, akaondoka mwaka 1994. Steve Austin, aliyemwinua McMahon kuliko mwingine yeyote, alifukuzwa Atlanta mwaka 1995. McMahon katika miaka ile hakuwa na mfadhili. Alikuwa akishindwa kila Jumatatu, na fedha zilikuwa zake. Umaskini huo ulimlazimisha kusikiliza. Austin aliandaliwa awe mwovu, watu wakamshangilia, na mtunzi akaifuata sauti yao. Tofauti baina ya kampuni hizo mbili haikuwa ya vipaji, maana vipaji vilitoka nyumba moja. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja hakuweza kumudu kuwa kiziwi, na mwingine aliweza.

Bischoff aliondolewa mwezi wa Septemba 1999. Aliyefuata, Vince Russo, alitoka kwa McMahon, na kosa lake lamgusa mwanaisimu kwa njia ya pekee. Russo aliamini kwamba kwa kuwa watazamaji wa siku hizi wanajua kuwa mieleka ni ya kupangwa, njia ya kuwasisimua ni kuwaonyesha mambo ya nyuma ya pazia. Basi wapiganaji wakaanza kutumia hadharani maneno ya ndani ya kazi yao. Watangazaji wakazungumza juu ya mwandiko wa pambano na nani amekataa kuufuata. Mwezi wa Agosti 2000 Goldberg alitoka ulingoni katikati ya pambano, na watangazaji wakaeleza kwamba amekataa kutenda yaliyopangwa. Na kukataa huko nako kulikuwa kumepangwa.

Msimulizi wa pwani husema "Paukwa!" na wasikilizaji huitika "Pakawa!" Kwa maneno hayo mawili pande zote zimekubaliana juu ya aina ya usemi unaofuata: si taarifa, wala si uongo, bali ni hadithi. Hakuna msikilizaji aliyedanganyika, na kwa hiyo hakuna anayedai ushahidi. Sasa na tumfikirie msimulizi anayekatiza katikati akasema, "Haya niliyosema ni ya kubuni, lakini hili linalofuata ni la kweli." Hakuongeza ukweli wowote. Amevunja mapatano, na tangu hapo kila sentensi yake itaulizwa ni ya upande gani. Ndivyo alivyofanya Russo. Kwa kutangaza kwamba pambano moja ni la kweli alitangaza kwamba mengine yote ni upuuzi, naye alikuwa na mengine ya kuuza juma lijalo. Mwezi wa Aprili 2000 mkanda ulivishwa mwigizaji wa sinema, David Arquette. Baada ya hapo haukuwa na thamani ambayo mtu angeweza kuipigania.

Hasara ya mwaka 2000 iliripotiwa kupita dola milioni 60. Na wakati huo huo mfadhili alikuwa akitoweka. Shirika la Turner lilikuwa limeungana na Time Warner mwaka 1996. Mwezi wa Januari 2001 Time Warner nayo ikaungana na AOL, na Turner akabaki na cheo kisicho na nguvu. Kundi la wawekezaji lililoitwa Fusient, ambalo Bischoff alikuwa miongoni mwake, lilikubaliana kuinunua kampuni. Ndipo Jamie Kellner, mkuu mpya wa vituo vya Turner, alipoamua mwezi wa Machi 2001 kwamba mieleka haitaonyeshwa tena katika TNT wala TBS. Pasipo televisheni hapakuwa na cha kununua, Fusient wakajitoa. McMahon akatwaa jina, kanda na baadhi ya mikataba kwa bei iliyoripotiwa kuwa yapata dola milioni mbili na nusu. Nitro cha mwisho kilifanyika Panama City Beach, Florida, tarehe 26 Machi 2001. Pambano la mwisho lilikuwa la Sting na Flair, nao walikumbatiana.

Hapa watetezi wa kundi la pili watasema: je, si Kellner aliyeua? Nakiri kwamba hoja yao ina uzito. Hata katika juma lake la mwisho Nitro kilikuwa na watazamaji wanaohesabiwa kwa mamilioni, na vituo vingi vingefurahi kuwa nao. Lakini uamuzi wa Kellner ulikuwa rahisi kwa sababu miaka mitatu ya utungaji mbovu ilikuwa imemwekea mezani hasara isiyo na mtetezi. Lau kampuni ingekuwa inapata faida ya mwaka 1997, chuki ya mkubwa mmoja isingetosha. Na lau Turner angalikuwapo, hasara ile ingelipwa tena, na watunzi wangebaki vile vile. Nafuu hiyo ya pili nadhani si nafuu.

Isidhaniwe kwamba natetea ukata. Mtu asiye na mfadhili naye ana balaa yake, kama Crockett alivyoonyesha. Wala sisemi kwamba dawa ni mwenye mali kuwa mtunzi mwenyewe. McMahon alipobaki peke yake baada ya mwaka 2001 alipoteza ile hofu iliyomfanya asikilize, na watazamaji wake walimlalamikia kwa miaka mingi juu ya mashujaa aliowalazimishia. Hakuna aliyeweza kumpinga hata alipojiuzulu mwaka 2022 chini ya uchunguzi wa mwenendo wake, na utunzi ukapitishwa kwa mkwewe, Paul Levesque. Kampuni ya All Elite Wrestling, iliyoanzishwa mwaka 2019, imesimama juu ya utajiri wa Shahid Khan, na mwanawe Tony ndiye mtunzi. Kipindi chake kilianza Oktoba mwaka huo katika kituo cha TNT, kile kile kilichoifukuza mieleka miaka 18 kabla. Hapo mfadhili na mtunzi wanakula meza moja. Kheri ya mpango huo ni kwamba mlipaji anaijua kazi. Hatari yake ni ile ile ya Atlanta, kwamba fedha zaweza kuwapo hata watu wasipokuwapo.

Katika Kiswahili, anayepiga mweleka humbwaga mwenzake chini. Lugha yetu imeupa mchezo wote jina la anguko. Katika mieleka ya kulipwa anguko ni la kupatana, na ufundi wote umo katika kuanguka vema, kwa wakati wake, ili aliyesimama aonekane mkubwa. Nash alipojilaza kwa kuguswa na kidole aliangukia mahali pasipo na maana, mbele ya watu waliolipa kuona maana. Siku hiyo kampuni haikupungukiwa na fedha hata kidogo.

Nasi tunaoandika katika majarida yanayolipiwa na fungu la chuo hatuko mbali sana na habari hii. Majarida yetu hayafi wasomaji wakipungua. Hufa fungu likikatwa. Tofauti hiyo yapaswa kututia wasiwasi zaidi kuliko inavyotufariji. Maana siku atakapokuja mkubwa asiyetujua akauliza jarida hili lasomwa na nani, jibu litatakiwa kutoka kwa wasomaji, na wao watakuwa wamekwisha kuamua zamani kama twastahili kutetewa.